Mgahawa wa Kijamii: Nani Anailipia Sahani?

MENEJA WA MGAHAWA: Mchukueni kijana mmoja tu. Amemaliza kidato cha nne kwa alama zisizompeleka popote, hana mjomba wa kumshika mkono mbele ya mwajiri, na nyumbani wamechoka kumlisha. Kwetu anakaa mwaka mzima. Anaanza na kuosha vyombo na kumenya viazi, anaingia jikoni, mwisho anabeba sahani mbele za watu. Mteja anayekula samaki wa kupaka hapo hajatoa sadaka. Kanunua chakula, kashiba, na kinachobaki baada ya gharama kimemlipia kijana nauli na mwalimu. Nionyesheni njia nyingine ya kupunguza umaskini ambayo mchangiaji anaondoka ameshiba.

MAMA LISHE: Wangu nao wanaondoka wameshiba, Bwana Meneja, tena kwa shilingi 2,500: wali, maharage, mchicha, na dagaa siku nikiamka vizuri. Wasichana wamepita kwenye sufuria zangu miaka na miaka. Mmoja ana meza yake Buguruni, mwingine yuko Tandika. Hakuna aliyekuja na kamera. Nikifundisha mimi inaitwa biashara ndogondogo. Ukifundisha wewe inaitwa biashara ya kijamii. Nieleze tofauti, ukiacha kile kitambaa cha mezani.

MENEJA: Tofauti iko kwenye katiba ya taasisi. Faida hairuhusiwi kwenda nyumbani kwangu wala kwa mjumbe yeyote wa bodi. Inarudi kwenye mafunzo.

MAMA LISHE: Yangu inakwenda nyumbani. Umaskini uko huko nyumbani, kwenye bodi sijausikia.

MENEJA: Sawa, mama. Lakini hao wasichana unawalipaje? Wana mkataba? Unawapelekea michango NSSF? Mmoja akiungua na mafuta ya maandazi, hospitali analipa nani?

MAMA LISHE: Namlipa jioni, mkononi, kabla sijajilipa mwenyewe. Akiungua nampeleka mimi. Mkataba unauliza? Mimi nani kanipa mkataba? Mgambo akiamka vibaya, sina biashara. Mwishoni mwa 2018 vilikuja vitambulisho vya wajasiriamali, shilingi 20,000 kila kimoja, tukaambiwa ukiwa nacho husumbuliwi. Nikanunua. Mwaka 2021 tukaondolewa barabarani, sisi na machinga wote, nami nikaondoka na kitambulisho changu shingoni.

MWONGOZAJI: Suala la mgambo linastahili mjadala wake, na wenyewe ungekuwa mrefu. Dada Mhasibu, wewe hukagua vitabu vya taasisi za namna hii. Hicho "kinachobaki baada ya gharama" ni kitu gani hasa?

MHASIBU: Inategemea gharama zipi zimeandikwa na zipi zimesitiriwa. Ndani ya mgahawa huu mna biashara mbili zinazotumia daftari moja. Ya kwanza ni mgahawa wenyewe: pango, gesi, mishahara, samaki anayeharibika asipouzwa leo. Ya pili ni shule: mwalimu, sare, nauli, na sahani zinazovunjika kwa sababu anayezibeba ndiyo kwanza anajifunza. Mgahawa wa kawaida wenye wapishi wazoefu unaishi kwa faida nyembamba. Ukiubebesha na shule, unataka samaki yule yule mmoja alipe pango na ada. Hapo ndipo ruzuku inapoingia. Ikishaingia, ile "tunajiendesha wenyewe" inabaki kwenye vipeperushi.

MENEJA: Wapo waliojiendesha.

MHASIBU: Wapo, na tutawafikia. Nianze na aliyekuwa na kila kitu. Jamie Oliver, mpishi maarufu wa televisheni Uingereza, alifungua Fifteen jijini London mwaka 2002. Alichukua vijana 15 wasio na kazi akawafundisha upishi huku kamera zikiwafuata. Matawi yakaota Amsterdam, Cornwall na Melbourne. Jina lilikuwepo, wateja walikuwepo, hata matangazo alipata bila kuyalipia. Mei 2019 kampuni yake ya migahawa ilipofilisika, Fifteen ya London ikafungwa nayo. Ile ya Cornwall ilikuwa ikiendeshwa kivyake, bahari inaonekana dirishani, nayo haikuumaliza mwaka. Desemba ikafunga milango. Kama mwenye jina lile alishindwa, mimi naogopa kwa ajili ya yule anayefungua Sinza.

MENEJA: Umehesabu siku ya kufungwa, hukuhesabu miaka. London ilidumu miaka 17. Kuna migahawa mingapi ya kawaida, yenye lengo la faida tupu, inayofika hapo? Na aliyefundishwa 2004 hakufungwa pamoja na mlango. Ujuzi alikwisha kuondoka nao.

MHASIBU: Hilo nakupa.

MENEJA: Halafu tutoke Ulaya. Hanoi, mwaka 1999, Jimmy Pham, mzaliwa wa Vietnam aliyekulia Australia, alianza na kiduka cha sandwichi pamoja na vijana waliokuwa wakihangaika barabarani. Hicho ndicho kikawa KOTO: mafunzo ya miaka miwili, cheti kinachotambuliwa na chuo cha Australia, mgahawa wanakopita wakuu wa nchi. Phnom Penh, shirika la Mith Samlanh lilianza 1994 na watoto wa mitaani, likazaa migahawa ambako mhudumu anavaa fulana iliyoandikwa kama ni mwanafunzi au mwalimu. Mteja anajua nani anajifunza, kwa hiyo juisi ikichelewa anavumilia. Hao wote wameruzukiwa? Ndiyo, kwa viwango tofauti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimeruzukiwa. Mbona hakuna anayekiuliza kwa nini hakijilipi kwa kuuza chakula?

MHASIBU: Kwa sababu hakisemi kinajilipa kwa kuuza chakula.

MENEJA: Basi nami nisiseme hivyo. Lakini serikali nayo inione. Nikifikisha wafanyakazi kumi natozwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo sehemu yake inakwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Mimi, ambaye kutwa kucha kazi yangu ni kuendeleza ujuzi! Hapa kwetu hakuna sheria ya biashara ya kijamii. Kuna kampuni na kuna asasi isiyo ya kiserikali. Ukiwa kampuni, mfadhili anakukwepa. Ukiwa asasi, afisa anakuuliza mbona unauza pilau.

MHITIMU: Naomba niseme kabla sijasemewa. Mimi nimefundishwa kwenye mgahawa kama huo, si wa Bwana Meneja, na jina lake naliacha. Nilijifunza mengi: kukata kitunguu bila kukitazama, kupanga friji nyama mbichi chini na vilivyoiva juu, kuonja kwa kijiko safi kila mara, kumkatalia mgeni bila ya yeye kujisikia amekataliwa. Vitu hivyo vinanilisha mpaka leo na sitavikana. Lakini ukurasa wa kwanza wa menyu ulikuwa na picha zetu na habari zetu. Huyu alilala stendi. Yule mama yake alifariki. Mgeni alisoma kifo cha mama yangu kabla hajajua kama supu yangu imekolea chumvi. Bakshishi zilikuwa nzuri. Nilizipokea, nilikuwa na njaa. Ila siku mpishi mkuu aliponisifu mezani, mgeni mmoja alinipigapiga begani kama mtu anayemsifu mtoto aliyeanza kutembea, nikajua hakuwa akizungumzia samaki.

MENEJA: Mteja asipojua kwa nini bei yetu iko juu, atakwenda jirani.

MHITIMU: Mwambie mnafundisha. Ile fulana ya Phnom Penh sina ugomvi nayo, kaka. Mwanafunzi ni cheo cha kupita, kesho unakivua. "Mtoto wa mtaani" hakina siku ya kuhitimu. Jambo la pili ni usaili. Tulifika wengi uani, vumbi tupu. Walichukuliwa waliosoma menyu ya Kiingereza bila kugugumiza na waliotabasamu. Niliyekuja naye, dada mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliambiwa ajaribu mwakani. Sasa ukiniuliza nani alikuwa maskini kuliko mwenzake siku ile, alikuwa yeye. Mimi ningepata njia hata bila wao. Ningechelewa, lakini ningepata.

MAMA LISHE: Huyo dada alikwenda wapi?

MHITIMU: Alikwenda kuoshea mama lishe vyombo, Manzese.

MAMA LISHE: Haya.

MENEJA: Mama, usishangilie mapema. Jikoni kuna visu, kuna mafuta ya moto, mbele kuna mteja aliyelipa. Siwezi kumweka kila mtu. Nafasi zikiwa chache lazima nichague atakayemaliza, vinginevyo mfadhili anauliza mbona nusu wametoroka.

MHASIBU: Wapo wasiochagua. Greyston, kiwanda cha kuoka keki cha Yonkers karibu na New York kilichoanza 1982, huajiri bila usaili. Unaandika jina kwenye orodha, nafasi ikipatikana unaitwa, uwe umetoka gerezani au hujawahi kufanya kazi maishani. Wenyewe husema wanaoka ili waajiri. Lakini tazama mteja wao mkubwa ni nani: kampuni ya aiskrimu, Ben & Jerry's, inayonunua keki zao kwa wingi, mwaka hadi mwaka. Hakuna mgeni anayekaa mezani akitazama saa. Mnunuzi mkubwa mwenye uvumilivu ndiye anayewezesha mlango uwe wazi. Mgahawa hauna mnunuzi wa namna hiyo. Una watu 40 wenye njaa saa saba mchana.

MENEJA: Na bado upo mgahawa uliofungua mlango ambao wengine waliufunga. Nendeni Iringa, Neema Crafts. Kituo kilianza 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kwa vijana watatu viziwi waliokuwa wakitengeneza karatasi, hata kwa kinyesi cha tembo. Wakaongeza ushonaji, ufumaji, na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Unaagiza kwa maandishi au kwa ishara. Hao hawakuwa wakisubiri cheti. Walikuwa kwenye mji ambao kiziwi alionekana hawezi kazi, mpaka watu walipoletewa kahawa na kiziwi, ikafika ya moto na chenji kamili. Mama, wewe ungemwajiri?

MAMA LISHE: Kwangu wateja wanaagiza wakiwa wamenipa mgongo, wanapiga kelele kutoka kwenye bajaji. Nisikudanganye, nisingemfikiria. Lakini na mimi nakuuliza. Huyo binti wa Iringa akichoka na Neema, akataka kuhama kama anavyohama mhudumu mwingine yeyote, nani atampokea? Kama ni palepale tu, mmemjengea nyumba nzuri isiyo na mlango wa kutokea.

MENEJA: Nairobi yupo aliyempokea. Pallet Cafe, Lavington, ni biashara ya mtu, inauza chakula kama jirani zake, na wahudumu wake wengi ni viziwi. Haikusubiri mfadhili. Wazo likishaonekana linafanya kazi, mwenye mtaji analichukua. Hiyo ndiyo kazi yetu sisi: kubeba hasara ya kwanza ili wa pili asiiogope.

MAMA LISHE: Hilo limeniingia. Ila ni Lavington. Nisubiri Lavington ifike Mbagala?

MWONGOZAJI: Kijana, tuambie yaliyofuata baada ya cheti.

MHITIMU: Baada ya cheti nilipata kazi Nungwi, Zanzibar, hoteli ya ufukweni. Kwenye ripoti ya mgahawa ulionifundisha bila shaka nimeandikwa "ameajiriwa", na hapo hadithi yangu ikaishia. Nami niwamalizie. Masika yakiingia wageni wanapungua, hoteli inapunguza watu au inafunga kabisa, tunaambiwa tupumzike. Kupumzika bila mshahara ni neno la kistaarabu la kufukuzwa kwa muda. Halafu ikaja 2020, ndege zikasimama dunia nzima, na mapumziko yakawa hayana tarehe. Nikarudi Dar, nikakaanga chipsi mayai.

MAMA LISHE: Chipsi mayai! Karibu nyumbani, mwanangu. Uliuza?

MHITIMU: Chipsi zilikuwa nzuri kuliko za mtaa mzima, na mtaji ulikwisha katika wiki chache. Nilinunua viazi reja reja badala ya gunia. Nilikopesha bodaboda wote, sikujua kumdai mtu mzima bila kugombana naye. Mafuta nilibadilisha mapema mno, kama nilivyofundishwa kwenye jiko la watalii. Nilijua kupika na kuhudumu. Kuuza hakuna aliyenifundisha.

MAMA LISHE: Kudai ni elimu peke yake. Unamdai akiwa na mwenzake, huku unacheka.

MHASIBU: Hapa pana jambo ambalo vitabu vinalisitiri. Migahawa hii imetengenezwa kuandaa mwajiriwa. Kipimo chake ni "wangapi wamepata kazi". Hakuna safu ya kuandika nani anamiliki nini. Moshi kuna mfano wa upande mwingine. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanza 1933, kina Union Café yake mjini. Kahawa ambayo siku zote iliondoka kwa gunia, pale inauzwa kwa kikombe, na mwenye mgahawa ni chama cha hao hao wanaochuma. Mhudumu akikuletea kikombe, sehemu ya bei haikwenda kwa mwema fulani. Ilikwenda kwa mwenye mali.

MENEJA: Kwa chama, dada. Kutoka kwa chama hadi kwa mkulima kuna safari. Unasahau vyama vikuu vilivunjwa na serikali mwaka 1976 na kurudishwa baada ya sheria ya 1982? Unasahau madeni, viongozi, mikutano isiyoisha? Nikimpa kila kijana hisa leo, mwezi wa tatu watataka kugawana friji.

MHASIBU: Na usipowapa, wakiondoka wanaondoka na aproni.

MENEJA: Na cheti.

MHITIMU: Na aproni hatukupewa.

MWONGOZAJI: Tuhamie kwa mlaji. Tunazungumza umaskini, na hadi sasa maskini ndiye anayebeba sahani. Anayekula ni nani?

MENEJA: Kwetu ni watalii, watu wa mashirika, familia siku ya Jumapili. Lazima wawe na uwezo, wao ndio wanaolipia mafunzo.

MAMA LISHE: Kwa hiyo mzazi wa kijana wako hawezi kuja kumwona mwanawe akihudumu, maana soda tu itamrudisha kwa miguu.

MHASIBU: Wamarekani walijaribu kumweka maskini upande wa pili wa meza. Panera, kampuni kubwa ya migahawa ya mikate, ilianza 2010 kufungua migahawa ambako unalipa unachoweza. Ilifika mitano. Mapato hayakufikia gharama, na wa mwisho, wa Boston, ulifungwa Februari 2019. Waliokuja na njaa walikuwa wengi, waliokuja kuongeza juu ya bei hawakutosha. Kinachoniaminisha zaidi kiko Kenya. Wawira Njiru alianza mwaka 2012 Ruiru na jiko dogo la kulisha wanafunzi. Leo Food for Education inapika kwenye majiko makubwa na kulisha mamia ya maelfu ya watoto kila siku ya shule. Mtoto anavaa bangili, anaigusisha kwenye mashine, mzazi ameshalipa kwa simu. Kwenye shule za kaunti ya Nairobi, tangu 2023, mzazi anatoa shilingi 5 za Kenya kwa sahani, na sehemu kubwa inalipwa na kaunti na wadau. Hakuna picha ya mtoto kwenye menyu. Hata menyu hakuna.

MAMA LISHE: Na waliokuwa wakiuza maandazi getini?

MHASIBU: Wengine wamepoteza wateja, siwezi kukataa. Lakini mtoto amekula chakula kamili kwa shilingi tano. Nikiwekewa mezani mtoto na geti, nachagua mtoto.

MAMA LISHE: Mama wa huyo mtoto ndiye aliye getini, dada yangu.

MHASIBU: ...Tuseme hivi. Chakula cha taasisi ni ununuzi, na ununuzi una pesa kuliko watalii wote wa Masaki. Sheria yetu ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu. Semina, vikao, mafunzo ya walimu, kote huko watu wanakula. Kikundi cha mama lishe kilichosajiliwa kinaweza kuomba.

MAMA LISHE: Unadhani hatujui? Tuko watano, tuna katiba, tuna akaunti benki. Tuliomba ule mkopo wa halmashauri wa asilimia kumi, ile nne ya wanawake. Tulipofika zamu yetu, Aprili 2023, mikopo ikasitishwa nchi nzima, tukakaa mwaka na zaidi mpaka iliporudishwa. NeST, ule mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni, tumejisajili, kijana wa stationari ndiye aliyetuingiza, kila hatua anatoza. Tumeambiwa taasisi inayolisha watu zaidi ya 100 kwa siku isitumie kuni wala mkaa tangu Januari 2024. Sawa, macho yangu yenyewe yameharibiwa na moshi. Tukanunua mitungi ya gesi. Tukaomba tenda ya chakula cha semina ya walimu, siku tano, pilau na kuku na tunda. Tukakosa.

MENEJA: Semina ya walimu? Ya mwaka jana?

MAMA LISHE: Ya mwaka jana, karibu na likizo.

MENEJA: Ile tulipata sisi.

MWONGOZAJI: Naomba kila mtu abaki kwenye kiti chake.

MAMA LISHE: Mimi nimekaa. Mliandika shilingi ngapi sahani?

MENEJA: Elfu saba. Tuna mashine ya risiti ya EFD, tuna vyeti vya afya vya kila kijana, tuna choo. Hatukushinda kwa bei tu.

MAMA LISHE: Sisi tuliandika elfu nane. Tulikaa usiku mzima na kalamu: mchele, kuku, gesi, usafiri, wa kuosha. Kwa elfu nane tulikuwa tunabakiza kidogo kila mmoja. Nilirudi nyumbani nikijiuliza ni nani anayeweza kupika ile sahani kwa elfu saba na akapata kitu.

MHASIBU: Ambaye pango na mwalimu analipiwa na mwingine. Ndiyo zile biashara mbili kwenye daftari moja. Fedha aliyoitoa mfadhili kumwezesha kijana imeishia kuipunguzia halmashauri bei ya pilau, na aliyeibeba hiyo tofauti ni kikundi cha wanawake watano.

MENEJA: Unazungumza kana kwamba nilikaa nikapanga. Siku zile tano vijana wangu kumi na mbili walihudumia walimu mia moja na hamsini. Hakuna darasa linalofundisha hivyo. Wawili waliitwa kazini na mtu aliyekula pale pale.

MAMA LISHE: Sina neno na hao wawili. Nina neno na elfu moja.

MHITIMU: Kaka, ungejua kwamba wapo, ungeandika ngapi?

MENEJA: Ningejua... Bei naandika kwa kutazama gharama yangu. Kwa mwenzangu sichungulii, sheria yenyewe inatukataza kupatana bei.

MHASIBU: Gharama yako kamili, au ile uliyobakiwa nayo baada ya ruzuku?

MENEJA: Niliyobakiwa nayo. Kila taasisi inafanya hivyo.

MHASIBU: Najua. Ndiyo maana nimeuliza.

MENEJA: Basi mara nyingine tuombe kama kitu kimoja, waziwazi. Jiko langu, kikundi cha mama.

MAMA LISHE: Jiko lako, sufuria zetu. Jina la nani juu ya tenda?

MENEJA: Hilo tutalizungumza.

MAMA LISHE: Zungumza sasa hivi, watu wapo.

MENEJA: La kikundi chenu. Lakini vijana wangu walipwe mshahara wa mwezi, usiopungua kima cha chini, na michango NSSF. Na wasichana wenu vilevile, wote sawa.

MAMA LISHE: Wasichana wangu kulipwa mwisho wa mwezi? Wanakula nini tarehe kumi na tano?

MHASIBU: Na kwa masharti hayo sahani haitoki kwa elfu saba wala elfu nane. NSSF peke yake ni asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mwajiriwa pamoja. Halafu halmashauri hailipi siku mliyopika. Unapeleka ankara, unasubiri, unaambiwa fungu halijafika. Muda huo wote mchele umeshaliwa.

MENEJA: Ndiyo maana nina mfadhili. Anaziba pengo hilo.

MHITIMU: Na akiondoka?

MAMA LISHE: Mwulize yeye. Mimi mfadhili wangu ni muuza mchele wa Tandale, na ananidai tangu Jumatatu.